Hesabu za moli toka mwanzo mpaka mwisho: uzito wa atomu, fomula, na kujua kitu gani kinatoka kiasi gani

Wadau, hesabu za kemia ndo sehemu ambayo wanafunzi wengi wa sekondari wanaiacha kwenye mtihani. Mtu anajibu maswali yote ya maelezo vizuri tu, akifika pale penye "kokotoa uzito wa..." anafunua ukurasa unaofuata. Na inauma, kwa sababu humo ndani hakuna hesabu ngumu, ni kuzidisha na kugawanya, anayerudisha chenji dukani bila kukosea anaziweza zote. Shida ni kwamba watu wanakaririshwa fomula tano sita bila kuambiwa jambo moja linalozibeba zote: atomu zinaungana kwa idadi, gramu hazizihusu kabisa. Gramu ni zetu sisi, maana tulichonacho mkononi ni mizani. Kwahiyo karibu kila swali la aina hii unatoka kwenye gramu, unaenda kwenye idadi, unafanya kazi yako huko, afu unarudi kwenye gramu. Ukilishika hilo, fomula utazitengeneza mwenyewe hata ukizisahau.

Andaa kalkuleta, piriodiki tebo na karatasi, twende taratibu. Humu nitatumia uzito wa atomu huu: H 1, C 12, N 14, O 16, Na 23, P 31, S 32, Cl 35.5, Ca 40 na Cu 63.5.

Hatua ya kwanza: uzito wa atomu unatoka wapi

Ukiangalia piriodiki tebo klorini imeandikwa 35.5. Sasa kama atomu imejengwa na protoni na nyutroni nzima nzima, hiyo nusu imetoka wapi? Klorini ya kawaida, mfano ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, ni mchanganyiko wa aina mbili za atomu, yaani isotopu mbili. Zote zina protoni 17, ila moja ina nyutroni 18 (hiyo ni klorini-35) na nyingine ina nyutroni 20 (klorini-37). Ukichukua atomu 100 bila kuchagua, kama 76 zitakuwa zile nyepesi na 24 nzito. Kwa hesabu za shule wanasema 75 na 25. Wastani wake unapigwa hivi:

(35 × 75) + (37 × 25) = 2625 + 925 = 3550
3550 ÷ 100 = 35.5

Basi. Hakuna atomu hata moja ya klorini duniani yenye uzito wa 35.5, huo ni wastani wa kundi. Kosa linalotokea sana hapa ni mtu kujumlisha 35 na 37 na kugawa kwa mbili, anapata 36. Hapo amechukulia kwamba ziko nusu kwa nusu, wakati swali limempa asilimia kabisa.

Swali likigeuzwa, wakakupa wastani wakataka asilimia, unaweka x. Chukua shaba, isotopu zake ni 63 na 65, uzito wa atomu 63.5:

63x + 65(100 − x) = 6350
6500 − 2x = 6350
x = 75

Kwa mtihani jibu ni asilimia 75 na 25, na maksi zote unapewa. Ila ukienda kwenye vipimo halisi vya maabara utakuta shaba-63 ni asilimia 69.15 na shaba-65 ni 30.85, na mwanafunzi makini akiona hivyo anachanganyikiwa, kwahiyo tulimalize hapa hapa. Hizo 63 na 65 ni namba ya masi, yaani hesabu ya protoni na nyutroni zilizomo. Uzito halisi wa atomu unapishana nayo kidogo, kwa sababu protoni na nyutroni zinapofungamana kwenye kiini sehemu ndogo ya uzito wao inatoka kama nishati. Shaba-63 kwa kweli ina 62.930 na shaba-65 ina 64.928. Piga sasa:

62.930 × 0.6915 = 43.516
64.928 × 0.3085 = 20.030
Jumla 63.546

Na 63.546 ndo namba iliyopo kwenye tebo nzuri, 63.5 ni hiyo hiyo imekatwa. Tofauti inayoonekana ndogo kwenye uzito inasogeza asilimia kwa karibu sita, ndo maana kwenye kazi za kweli watu hawatumii namba za kukadiria. Isotopu pekee yenye uzito kamili usio na desimali ni kaboni-12, na hiyo ni kwa sababu wanasayansi walikubaliana iwe kipimo cha wengine wote kuanzia 1961. Kabla ya hapo wanakemia na wanafizikia walipimia kwa oksijeni, tena kila upande kwa namna yake, namba zao zikawa hazilingani.

Hatua ya pili: uzito wa fomula

Hapa ni kujumlisha tu. Maji H2O ni 1 + 1 + 16 = 18. Kaboni dayoksaidi CO2 ni 12 + 32 = 44. Kwenye mabano, namba ya nje inazidisha kila kilichomo ndani, kwahiyo Ca(OH)2 ni 40 + 2 × (16 + 1) = 74, wala sio 58.

Nukta ya katikati inawaponza wengi. Mrututu, ule wa bluu ambao wakulima wa kahawa wanaujua kwa kupulizia ugonjwa, ni CuSO4·5H2O. Ile nukta maana yake "pamoja na", haizidishi. Unapiga 63.5 + 32 + 64 = 159.5, afu maji matano 5 × 18 = 90, unajumlisha unapata 249.5. Kuna watu wanachukua 159.5 wanaizidisha na 90, wanapata namba ya elfu kumi na nne na wanaendelea nayo bila kushtuka. Kompaundi za shule uzito wake mara nyingi uko kati ya makumi na mamia, ukiona maelfu simama urudi nyuma.

Hatua ya tatu: asilimia, na tuisome mifuko ya mbolea

Asilimia ya elementi ni uzito wa elementi hiyo ndani ya fomula, gawa kwa uzito wa fomula nzima, zidisha mara 100. Mfano mzuri kuliko wote uko duka la pembejeo.

Urea ni CO(NH2)2. Kaboni 12, oksijeni 16, naitrojeni mbili 28, haidrojeni nne 4, jumla 60. Naitrojeni ni 28 ÷ 60 × 100 = 46.7. Angalia mfuko, umeandikwa 46. Ile namba haikutungwa na mfanyabiashara, imetoka kwenye piriodiki tebo, na mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni.

CAN je? Kiungo chake chenye naitrojeni ni amoniamu naitreti, NH4NO3, uzito 80, naitrojeni 28, kwahiyo ingekuwa safi ingekuwa na asilimia 35. Lakini mfuko unasema 26 au 27. Gawa 27 kwa 35 unapata kama 0.77, maana yake karibu robo tatu ya mfuko ndo amoniamu naitreti na iliyobaki ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa humo. Umeona, kwa kugawanya mara moja umeshajua kilichomo kwenye mfuko bila kwenda maabara.

DAP ndo inataka umakini. Fomula yake (NH4)2HPO4: naitrojeni 28, haidrojeni 9, fosforasi 31, oksijeni 64, jumla 132. Naitrojeni inatoka asilimia 21.2, mfuko unasema 18, hapo ni kwa sababu DAP ya kiwandani sio safi asilimia mia. Fosforasi inatoka 31 ÷ 132, yaani 23.5. Sasa mfuko unasema 46! Imekuwaje ikawa mara mbili? Ni desturi ya biashara ya mbolea, fosforasi inaandikwa kama vile ingekuwa P2O5. Uzito wa P2O5 ni 62 + 80 = 142, fosforasi yenyewe humo ni 62 ÷ 142, asilimia 43.7. Kwahiyo 46 ya mfuko ni 46 × 0.437, sawa na 20 hivi. Mfuko wa kilo 50 una "kilo 23" za P2O5 lakini fosforasi yenyewe ni kilo 10. Ukipewa ushauri wa kuweka kilo kadhaa za fosforasi kwa heka, uliza kwanza ni P au P2O5, maana ukikosea hapo umekosea zaidi ya mara mbili, na hela ya mbolea unaijua.

Hatua ya nne: moli

Hii ndo kiungo cha kila kitu. Fikiria duka la hardware, misumari inauzwa kwa kilo, hakuna anayekaa kuhesabu mmoja mmoja. Lakini ukijua msumari mmoja una gramu ngapi, ukipima kilo umeshajua ipo mingapi. Moli ni ujanja huo huo, tofauti ni kwamba atomu ni ndogo mno kwahiyo fungu lake ni kubwa mno: moli moja ni vitu 6.02 × 10^23, inaitwa namba ya Avogadro. Kuanzia 2019 imewekwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10^23 kamili, haipimwi tena. Fungu hilo lilichaguliwa ili uzito wa fomula ukiuandika kwa gramu uwe moli moja. Maji ni 18, kwahiyo gramu 18 za maji ni moli moja. CO2 ni 44, gramu 44 ni moli moja. Na moli moja ya maji na moli moja ya CO2 zina idadi sawa ya molekuli japo uzito haulingani.

Milango ya kuingilia kwenye moli iko mitatu tu:

- una gramu: gawa kwa uzito wa fomula
- una gesi: gawa desimita za ujazo (desimita moja ya ujazo ni lita moja) kwa 22.4 kama ni nyuzi 0 na presha ya kawaida, au kwa 24 kama ni joto la chumbani, soma swali limesema lipi
- una myeyusho: molariti (yaani moli zilizomo kwenye lita moja) zidisha kwa lita

Mfano mdogo. Gramu 9 za maji ni 9 ÷ 18 = moli 0.5, molekuli ni 0.5 × 6.02 × 10^23 = 3.01 × 10^23. Wakiuliza atomu ngapi, kila molekuli ina atomu tatu, unazidisha na 3 unapata 9.03 × 10^23. Soma neno lililoulizwa, molekuli na atomu zinakula maksi za watu kila mwaka.

Hatua ya tano: balansi ekwesheni kabla ya kugusa namba yoyote

Ekwesheni isiyobalansi inakupa jibu la uongo hata kama kalkuleta yako ni nzuri. Unaongeza namba za mbele tu, zile ndogo za chini haziguswi, maana ukigusa ya chini umebadilisha kitu chenyewe (H2O ni maji, H2O2 ni dawa ya kuua vijidudu). Mimi naanza na elementi iliyopo sehemu moja tu kila upande, oksijeni naiacha mwisho. Gesi ya kupikia, tuchukue propani:

C3H8 + 5O2 → 3CO2 + 4H2O

Kaboni tatu zikatoa CO2 tatu, haidrojeni nane zikatoa maji manne, afu ukahesabu oksijeni za kulia, 6 na 4 ni 10, kwahiyo O2 tano. Hakiki kwa uzito: kushoto 44 + 160 = 204, kulia 132 + 72 = 204. Zimelingana. Fanya hivi kila mara, ni sekunde ishirini zinazookoa swali zima.

Na hapa tukae kidogo. Namba za mbele, 1 kwa 5 kwa 3 kwa 4, ni idadi. Uzito wake ni 44 kwa 160 kwa 132 kwa 72. Tazama 44 ya propani inatoa 132 ya CO2, mara tatu kamili. Mtungi wa kilo 6 ukiisha, hewani zimeenda kama kilo 18 za kaboni dayoksaidi (gesi ya majumbani ni mchanganyiko wa propani na butani, ila butani nayo ni karibu mara tatu hivyo hivyo). Mtu anashangaa kilo 6 zimezaa vipi 18, mbona kitu hakiumbwi wala hakipotei? Jibu ni kwamba uzito wa ziada ni oksijeni iliyotoka hewani, kila kilo ya propani inavuta kilo 3.6 za oksijeni. Lavoisier kule Ufaransa karne ya 18 aligundua hili kwa kupima mpaka hewa iliyoingia na kutoka, wengi waliomtangulia hawakuiweka gesi kwenye mizani. Na kwa kuwa moto unakula oksijeni yote hiyo, jiko la gesi kwenye chumba kilichofungwa ni hatari kweli, na mtu afungue dirisha.

Hatua ya sita: gramu, moli, moli, gramu

Sasa njia nzima. Pwani yetu toka zamani watu wamechoma matumbawe na mawe kupata chokaa ya kujengea, nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar zimesimama kwa chokaa hiyo. Kwenye tanuri kinachotokea ni:

CaCO3 → CaO + CO2

Una kilo 250 za mawe, utapata chokaa kiasi gani?

Gramu kwenda moli: 250,000 ÷ 100 = moli 2,500 za CaCO3.
Moli kwenda moli: uwiano ni 1 kwa 1, kwahiyo moli 2,500 za CaO.
Moli kwenda gramu: 2,500 × 56 = 140,000, yaani kilo 140.

Zile kilo 110 zilizobaki zimepaa kama CO2, mwenye tanuri anaona mawe yamekuwa mepesi na sababu ndo hiyo. Endelea mbele, chokaa hiyo ikiuliwa na maji, CaO + H2O → Ca(OH)2, moli 2,500 zinataka maji 2,500 × 18, kilo 45, na unapata kilo 185. Hakiki: 140 + 45 = 185. Kwenye kazi ya kweli unaweka maji zaidi ya hapo maana mengi yanageuka mvuke, joto lake ni kali sana na chokaa inaruka, macho yakingwe na watoto wakae mbali.

Mawe ya kweli hayawi safi. Wakisema yana CaCO3 asilimia 88, punguza mwanzoni kabisa: 250 × 0.88 = kilo 220, moli 2,200, CaO kilo 123.2. Afu wakisema mwenye tanuri alipata kilo 110 tu za CaO, mavuno yake ni 110 ÷ 123.2 × 100 = asilimia 89.3. Usafi wa malighafi unaingia mwanzo wa hesabu, mavuno yanaingia mwisho. Wanaochanganya hizi mbili ni wengi kweli kweli.

Uwiano usipokuwa 1 kwa 1 ndo watu wanapotea. Nenda Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado kule Kenya, wanavuna magadi ghafi wanayachoma kupata sodiamu kaboneti ya viwanda vya vioo na sabuni:

2(Na2CO3·NaHCO3·2H2O) → 3Na2CO3 + CO2 + 5H2O

Uzito wa moja ni 106 + 84 + 36 = 226. Tani moja, tuseme ni safi, ni 1,000,000 ÷ 226 = moli 4,424.8. Sasa uwiano: namba ya unachotafuta inakaa juu, ya ulichonacho inakaa chini, kwahiyo 3 juu ya 2. Moli 4,424.8 × 3 ÷ 2 = 6,637.2. Mara 106 unapata gramu 703,540, yaani kilo 703.5. Aliyesahau 3/2 atapata kilo 469, na kwenye kiwanda hiyo ni hasara ya kilo 234.5 kwa kila tani kwenye makaratasi. Kingine, usikate desimali katikati ya safari, acha kalkuleta ibebe, kata mwisho.

Hatua ya saba: kipi kinaisha kwanza

Swali likikupa uzito wa vitu viwili, mmoja utaisha na mwingine utabaki, na bidhaa inahesabiwa kwa kile kilichoisha. Usikiangalie kwa macho. Chukua amonia, mama wa hizo mbolea za juu:

N2 + 3H2 → 2NH3

Una gramu 28 za naitrojeni na gramu 9 za haidrojeni. Jicho litakwambia haidrojeni ndo kidogo itaisha mapema. Badili kwanza kuwa moli: naitrojeni 28 ÷ 28 = 1, haidrojeni 9 ÷ 2 = 4.5. Sasa gawa kila moja kwa namba yake ya mbele: 1 ÷ 1 = 1, na 4.5 ÷ 3 = 1.5. Yenye jibu dogo ndo inaisha, naitrojeni imeisha, ingawa kwa mizani ni nzito mara tatu. Amonia ni moli 2, gramu 34. Haidrojeni iliyotumika ni moli 3, imebaki 1.5 ambayo ni gramu 3. Hakiki: 34 + 3 = 37, na mwanzo 28 + 9 = 37.

Hiyo ni ya karatasi. Kiwandani gesi zikipita mara moja zinazogeuka kuwa amonia ni kama asilimia 15 hivi, zilizobaki zinarudishwa zizunguke tena. Na ukitaka kufika mpaka urea, 2NH3 + CO2 → CO(NH2)2 + H2O, zile gramu 34 zinakupa gramu 60, naitrojeni 28 zote zimo ndani.

Titresheni kwa kifupi

Titresheni ni kupima myeyusho mmoja kwa kuumaliza na mwingine ambao molariti yake unaijua. Ni njia ile ile, umeingilia mlango wa myeyusho. Asidi H2SO4 ya molariti 0.1 imetumika sentimita za ujazo 20 kuimaliza NaOH sentimita 25:

2NaOH + H2SO4 → Na2SO4 + 2H2O

Moli za asidi: 0.1 × 0.020 = 0.002 (gawa kwa 1000 kwanza uwe na lita, hili ndo linasahaulika). NaOH ni mara mbili, 0.004. Molariti yake 0.004 ÷ 0.025 = 0.16. Kwa gramu, 0.16 × 40 = 6.4 kwa kila lita.

Jipime mwenyewe jikoni

Chukua baking soda gramu 10 na siki nusu kikombe, tuseme mililita 100, ile ya asilimia 5, kwahiyo ina asidi kama gramu 5. Fomula ya asidi ya siki ni CH3COOH, uzito 60, na baking soda NaHCO3 ni 84:

NaHCO3 + CH3COOH → CH3COONa + H2O + CO2

Usisome chini kabla hujapiga. Tafuta kipi kinaisha, gesi lita ngapi kwa joto la chumbani, na kinabaki nini.

Majibu: soda ni 10 ÷ 84 = moli 0.119, asidi ni 5 ÷ 60 = moli 0.083, asidi inaisha. CO2 ni 0.083 × 24 = lita 2, na ukitaka kuiona tia soda kwenye puto, livishe kwenye mdomo wa chupa yenye siki afu liinue soda imwagike. Chagua puto kubwa, na usitegemee litimie lita 2 kamili, maana gesi kiasi inabaki imeyeyuka kwenye maji. Soda iliyotumika ni 0.0833 × 84 = gramu 7, ndani ya chupa zimebaki gramu 3 zimeyeyuka kwenye maji, na ukiongeza siki nyingine povu litaanza tena.